Jibu: Nauli ya Likoni hadi Ukunda, na pesa ya feri

Salaam dada, karibu Mombasa na pole kwa usumbufu. Nimekuelewa hivi: umetoka Tanga kututembelea, ukawa unakwenda Diani. Mtu pale kivukoni akakutoza pesa ya feri, halafu makanga wa matatu ya Ukunda akakudai mara mbili ya jirani yako.

Feri ya Likoni haina nauli kwa anayevuka kwa miguu. Wanaolipa ni wenye magari. Huyo amekuibia, akija tena mpite tu, fuata watu.

La matatu lina utata, maana nauli hupanda jioni watu wakitoka kazini, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Kwa hiyo angalia kwanza kama wote wametozwa sawa. Mimi huuliza kabla ya kupanda, tena simuulizi mpiga debe. Namuuliza mama muuza mahamri, au abiria aliyekwisha kaa: "Ukunda leo ngapi?" Kisha makanga akigonga bega, toa pesa kamili bila maneno. Ukitoa noti ya elfu, chenji itazungushwa hadi unashuka. Begi likikalia kiti utalipia kiti hicho, na hapo hujaonewa. Likiwa mapajani, kataa.

Na tafadhali usihesabu kwa shilingi ya Tanzania! Mia moja ya huku ni zaidi ya elfu moja ya kwenu, usiitoe kama chenji ndogo. Ukifika Ukunda, tuktuk ya kwenda ufuoni Diani patana bei kabla hujaketi.