i7 ya laptopu na i5 ya mezani: soma herufi ya mwisho kabla hujatoa hela yako ya korosho

Juzi mpwa wangu kanipigia simu kutoka Newala. Hela ya korosho imeingia na anataka kuanza kazi ya kushuti na kuhariri video za harusi kama mimi. "Mjomba, hapa dukani kuna laptopu i7 na kuna sipiyu ya i5, bei zinakaribiana, si bora nibebe i7?" Nikamwambia usitoe hata shilingi, nipe siku mbili. Swali hilihili naulizwa kila msimu ukifika na watu wa huku Mtwara, wa Masasi, mpaka wa Nachingwea, na mimi mwenyewe liliwahi kuniumiza, kwa hiyo leo naliandika lote.

Kwanza tuelewane maneno. Huku kwetu ukisema sipiyu watu wanajua lile boksi la chini ya meza. Mimi hapa nikisema prosesa namaanisha kile kidude chenyewe cha ndani, cha ukubwa wa stempu kubwa hivi, ndo kinafanya hesabu zote. Ipo kwenye boksi na ipo kwenye laptopu pia, ila hazifanani hata kama zimebandikwa stika moja. i5 na i7 ni majina ya madaraja ya prosesa za kampuni ya Intel.

Mwaka 2021 nilinunua laptopu used kwa laki saba na nusu, stika ya i7 inang'aa pembeni ya kibodi, muuzaji kaniambia hii ndo mwisho wa matatizo. Na kweli miezi ya mwanzo niliifurahia, Word inafunguka fasta, picha za paspoti nasafisha na kuprint bila shida. Sasa ikaja harusi moja ya Tandahimba, video ya saa moja na dakika ishirini, kamera mbili, rangi nimeigusa karibu kila kipande na kuna slomo nyingi za bibi harusi akiingia. Mwezi wa 11, wote tunaijua Mtwara mwezi wa 11, usiku hakuna upepo na fulana inakuganda mgongoni. Nikaanza kurenda (kompyuta inapika vipande vyote viwe faili moja la video) saa tatu usiku. Dakika za mwanzo Taski Meneja, ule ukurasa wa Windows unaoonyesha kompyuta inavyofanya kazi, inaonyesha 3.4 GHz (huo ndo mwendo wa prosesa), nikasema safi, nikaenda kula. Kurudi naikuta 2.3, halafu 2.0, feni inalia kama mashine ya kusaga na ukigusa juu ya kibodi upande wa kushoto unatoa mkono. Nikaiinua kwa vifuniko vinne vya soda, kila kona kimoja, ili hewa ipite chini, nikageuza na feni ya mezani yote imwelekee yeye mimi nikabaki natoka jasho. Mwendo ukapanda kidogo ukarudi palepale. Adhana ya alfajiri inasikika, nachungulia, asilimia 71.

Mteja alikuwa anakuja mchana na gari la kutoka huko. Nikachukua diski ya nje nikakimbilia kwa jirani yangu mwenye steshenari, yeye ana boksi la zamani la ofisini, i5, limejaa vumbi, hata stika limeng'oka. Nikaanzisha upya saa mbili asubuhi na saa saba kasoro ikawa imeisha, huku yeye anaendelea kuchapa barua za watu kwenye mashine hiyohiyo. Mteja akaondoka na kazi yake. Lakini mimi nilikaa pale kwenye benchi najiuliza i5 imeipitaje i7 yangu?

Jioni nikasoma namba zenyewe. Yangu: i7-7500U. Ya jirani: i5-7500. Ziangalie vizuri, namba ni ileile, ya laptopu ina U mwishoni. Hiyo U ndo imebeba habari yote. i7-7500U ina viini 2 tu (kiini ni kama fundi mmoja ndani ya prosesa, wakiwa wengi kazi inagawanywa) na imetengenezwa kutumia wati 15. i5-7500 ina viini 4 kamili na imetengewa wati 65. Mafundi wawili wanaokula kwa kubaniwa, na mafundi wanne wanaokula washibe. Hilo neno i7 linakuambia tu kwamba hii ni ya juu ndani ya kundi lake, na kundi la laptopu nyembamba ni kundi lingine kabisa.

Ukitaka kuliona hili kwa macho angalia chaja. Chaja ya laptopu yangu imeandikwa 65W, na hizo 65 zinalisha kioo, diski, feni, zinachaji betri, na prosesa nayo inasubiri humohumo. Kwenye boksi la jirani 65 ni za prosesa peke yake. Na moto wa wati hizo unatolewa na bati la kupoozea kubwa kama ngumi lenye feni juu yake, wakati kwenye laptopu ni kibomba chembamba cha shaba na feni nyembamba kama biskuti. Prosesa yangu kikomo chake ni nyuzi 100, ikikaribia hapo inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Zile 3.5 GHz wanazotangaza ni mbio za muda mfupi, baada ya hapo inategemea joto na wati zinazoruhusiwa, na sisi watu wa pwani joto tunalo la kutosha.

Ila nisimwonee mwenye laptopu. Kazi inayotumia kiini kimoja, kama kuchapa, Excel ya kawaida, kufungua tovuti, hapo 3.5 ya laptopu na 3.8 ya ile i5 ya mezani huwezi kuona tofauti kwa macho. Mwalimu wa Nanyamba, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anayezunguka ghalani na daftari lake, mwanafunzi anayehama chumba kila muhula, hao wachukue laptopu na wasisikilize mtu, maana umeme ukikatika betri inawapa muda wa kusevu kazi na wenye boksi wanabaki gizani. Tofauti inakuja kwenye kazi ndefu inayobana viini vyote: kurenda video, picha za 3D, michoro mikubwa ya majengo.

Na kama lazima iwe laptopu, angalia kizazi (toleo la prosesa: 7500U ni cha 7, 8250U ni cha 8) kabla ya i ngapi. Mwaka 2017 Intel walipotoa kizazi cha 8, zile za U zikapanda kutoka viini 2 mpaka 4. Maana yake i5-8250U, ambayo ni i5 tu, kwenye kurenda inaiacha i7-7500U yangu mbali. Tena Windows 11 kwa kawaida inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo i7 ya kizazi cha 6 au 7 ya bei ya kutupa ina sababu yake ya kutupwa. Ukiona H mwishoni hiyo ni ya wati 45 hivi, ina nguvu, ila ni nzito na inakula chaji. Upande wa AMD, kampuni nyingine ya prosesa, wanatumia U na H pia, mfano Ryzen 5 5500U ina viini 6, nimeshaitumia ya rafiki na nimeipenda.

Siku hizi hata kuhesabu viini kunaweza kukupoteza. i7-1255U ya laptopu ina viini 10, i5-12400 ya mezani ina 6. Usikimbilie 10, kwa sababu 2 tu ndo vikubwa, 8 vilivyobaki ni vidogo vya kubana umeme. Ile 12400 vyote 6 ni vikubwa.

Faida nyingine ya boksi ni kwamba prosesa inachomoka. Jirani yangu baadaye aliitoa ile i5 akaweka i7-7700 used, bodi (ubao mkuu wa ndani) ileile, kazi ya nusu saa pamoja na kupaka pesti mpya ya kupitishia joto. Kwenye laptopu hizi za U imechomelewa kwenye bodi, uliyonunua ndo hiyohiyo. Angalizo: prosesa za kizazi cha 8 zinaonekana kuingia kwenye soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ya kizazi cha 7, zinakaa kabisa, ila haziwaki. Kuna watu wamenunua wakaja kulia kwangu.

Basi nikamwambia mpwa wangu rudi dukani, washa zote mbili, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa Performance, gusa CPU, nipigie picha ya jina la juu kulia na hapo chini penye Cores, yaani viini. Akatuma. Laptopu i7-6600U, Cores 2. Boksi i5-8500, Cores 6.

Kabeba boksi, na chenji kanunulia UPS (betri ya akiba ya boksi) ili umeme ukikatika apate dakika za kusevu na kuzima taratibu. Leo asubuhi kanitumia picha, meza kaisogeza mbali na ukuta kama nilivyomwambia, mgongo wa boksi unapumua. Newala kwenyewe juu kule kuna baridi kuliko huku kwetu, ataifaidi. Jumamosi napanda gari na tyubu yangu ya pesti na brashi, nikalifungue tulisafishe wote aone inavyofanywa.