Kwa nini plaiwudi za milimita 18 zinapishana bei

Ndugu uliyeuliza mbona shiti mbili za plaiwudi (mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka) zenye unene wa milimita 18, zote futi 4 kwa 8, moja inauzwa karibu mara mbili ya nyingine, hujaibiwa bado, ila usilipe kabla hujaangalia ukingoni. Hapo ndo bei ilipo. Hesabu tabaka, angalia kama kuna mashimo katikati, maana za bei chee hujazwa vipande vipande na skrubu ikiingia kwenye tundu haishiki kabisa. Halafu gundi: ya kawaida ni ya ndani tu, kabati la jikoni chini ya sinki litafumuka, ile ya marini gundi yake inahimili maji na ndo inayopandisha bei, na ile nyeusi yenye ngozi laini ni ya kumwagia zege, inatumika mara kadhaa kabla ya kuchoka. Usafiri nao upo, shiti ikitoka viwandani Mafinga, Iringa, mpaka Dar lori linalipwa. Beba futikamba ndogo au rula pia, nyingine inaitwa 18 ukipima unakuta 16, hiyo usikubali bei ya 18 hata kidogo.