Pikipiki ya jirani imelala chini ya mwembe, niinunue?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Ganda, nafanya kazi za mjengo hapa Malindi. Jirani yetu mzee mmoja ana Boxer 150 imelala chini ya mwembe tangu mvua za mwaka jana, haiwaki, tairi zimekwisha upepo, sasa ameniita akaniambia nimpe elfu thelathini na tano aniachie kwa vile mimi ni kama mtoto wake. Asema injini ni nzima, ni kabureta tu. Mimi injini siijui lakini nna binamu yangu fundi wa bodaboda. Babangu amekataa, asema kitu cha jirani kikiharibika tutakosana na tunakutana msikitini kila siku. Na mimi naona haya kumwambia mzee apunguze. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako wengi wanalo, huku pwani kila mtaa una pikipiki moja imelala uani, mwenyewe alisema naisimamisha wiki moja nikipata pesa naitengeneza, na wiki ikawa mwaka. Mimi siwezi kukwambia usinunue. Kijana asie na mtaji hii ndo njia yake ya kupata chombo, bora tu anunue macho yakiwa wazi, yake na ya muuzaji. Lakini wewe umeniuliza habari ya injini na mimi nataka uanze na logibuku, ile karatasi ya umiliki, kwa sababu injini ya Boxer ata ikiwa imekufa kabisa spea zake ziko kila duka, bloku, pistoni, ringi, valvu, na hakuna fundi wa boda asiejua kuifungua. Karatasi zikiwa na kasoro fundi hakusaidii kitu.

Mwombe mzee akuonyeshe logibuku yenyewe, si picha kwenye simu. Angalia jina. Kama ni jina lake, sawa. Kama ni jina la mtu mwengine, na huku ndo mara nyingi, pikipiki imeuzwa mara mbili mara tatu kwa makubaliano ya karatasi na jina likabaki la yule wa kwanza, basi kwanza huyo mtu atafutwe, maana kuhamisha umiliki NTSA, ile mamlaka inayosajili vyombo, kunaanzia kwenye akaunti ya yule alieandikishwa pale eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, yeye ndo anaanzisha na wewe unakubali upande wako. Mzee ata awe mkweli namna gani hawezi kukuhamishia kitu ambacho kwenye rekodi si chake. Alafu angalia kama kuna jina la kampuni ya mkopo pembeni ya jina la mwenyewe. Pikipiki nyingi za miaka hii zimetoka kwa mkopo, na nyingine zimelala uani kwa sababu mkopo ulimshinda mtu, si kwa sababu ya kabureta. Pale saiba, duka la intaneti, wanaweza kukutolea rekodi ya NTSA kwa namba ya pikipiki, lipia, ni pesa kidogo, uone rekodi inasema ni ya nani.

Baada ya hapo chukua brashi ya waya usugue taratibu pale shingo ya fremu usukani unapoingilia, namba ya chesisi imegongwa pale, na namba ya injini iko kwenye injini yenyewe. Linganisha na logibuku herufi kwa herufi. Ukikuta pamepigwa grenda au namba zimepinda kama zimegongwa upya, shukuru mzee, rudi nyumbani, usijadili bei.

Sasa hiyo kabureta tu. Simwiti mzee muongo, mtu aliesimamisha pikipiki huwa anakumbuka lile la mwisho fundi alilomwambia. Wewe muulize swali moja, ilizimaje? Kama ilikuwa inatembea vizuri akaiegesha tu mvua zikaja, basi kweli huenda ni kabureta, petroli ikikaa ndani inakauka inaacha gundi na vile vijitundu vya jeti vinaziba. Kama ilikuwa inapoteza nguvu polepole, inakula oili, inatoa moshi wa rangi ya bluu, hiyo ni ringi au valvu. Na kama ilizima ghafla barabarani na mlio, tena kiki ikakataa kushuka, hapo ni pistoni imegandia au kuna kitu kimevunjika ndani, hiyo hesabu yake ni ya kufungua injini yote.

Alafu mpigie binamu aje na spana ya plagi, na aje mzee akiwepo, hili nalisisitiza na nitakwambia kwa nini. Weka nyutro, fungua plagi, ziba lile tundu kwa kidole gumba, mtu mwengine apige kiki. Injini yenye afya inakisukuma kidole huwezi kukizuia. Ukihisi kijihewa kidogo tu, usikate tamaa bado, mwambie binamu aangalie tapeti kwanza, ile nafasi inayoachwa juu ya valvu, valvu ikibanwa sana haifungi sawasawa na compression, ile hewa inayobanwa ndani, inatoroka, na kuseti tapeti ni kazi ya dakika chache. Kama tapeti ziko sawa, tia kijiko cha oili mle kwenye tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa, alafu jaribu kidole tena. Nguvu ikirudi, ringi ndo zimeisha, kwa sababu oili imeziba pale zilipokuwa zinapitisha. Isiporudi, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini. Hili jaribio halina gharama na linakwambia mambo mengi kuliko maneno ya watu kumi wanaosimama kuangalia.

Moto nao. Rudisha plagi kwenye kofia yake, ilaze chuma chake kiguse hedi, mbali na tundu na mbali na petroli, piga kiki kivulini uone cheche. Inatakiwa iwe ya bluu na ipige kwa nguvu. Hakuna cheche, msikimbilie kununua CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamrisha cheche, wengi wanaunguza pesa hapo, angalieni kwanza swichi ya kuzimia pale kwenye usukani, kofia ya plagi, plagi mpya, alafu waya. Huku kwetu hewa ya bahari inaingia ndani ya tepu za waya, ukiifungua unakuta shaba imegeuka unga wa kijani, na ata Ganda ambako mko mbali na ufuo bado inafika. Cheche ikiwepo na compression ikiwepo, tieni matone machache ya petroli kwenye tundu la plagi, fungeni, pigeni kiki. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, mzee alikuwa sawa, ni kabureta na njia ya mafuta.

Kiki ikiwa imegoma kabisa, msiruke juu yake. Mimina oili kwenye silinda ikae siku kadhaa, alafu jaribuni kuzungusha taratibu kwa gurudumu la nyuma ikiwa gia ya juu.

Muulize pia kama ilifikiwa na maji. Mafuriko ya mto Sabaki mwisho wa 2023 yaliingia majumba ya watu na vyombo vyao, na pikipiki iliyolala kwenye maji ya mto haionyeshi kwa nje ikishaoshwa. Fungueni nati ya oili chini mtoe kidogo kwenye chombo. Oili nyeupe kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Oili yenye vumbi linalong'aa, chuma kinaliwa ndani. Mkimaliza muangalie fremu chini ya kiti na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapofungwa, gonga kwa bisibisi, kutu ya juu juu si kitu lakini ikitoboka wacha. Na pikipiki ilochomelewa shingo siinunui ata kwa bei ya vyuma, utabeba mtu nyuma siku moja.

Sasa bei, pale unapoona haya. Usimwambie mzee apunguze. Mkae chini ya huo mwembe yeye, wewe na binamu, muandike kila kitu kinachotakiwa, tairi, betri, cheni, hicho cha injini, mpige simu duka la spea mjini mpate bei mbele yake. Tuseme Boxer ya umri huo inayotembea kwenu inauzwa elfu themanini, na orodha yenu pamoja na ufundi imefika elfu thelathini na tano. Inabaki arobaini na tano, toa tena elfu kumi na tano hivi ya yale yasioonekana mpaka mfungue, maana yapo kila mara, unabaki na thelathini. Hapo karatasi ndo inaongea na mzee, wewe hujamvunjia heshima.

Na hili ndo nililotaka kukwambia. Upande wa pili upo. Binamu akigundua kwamba shida ni plagi tu au waya umekatika, mwambie mzee pale pale kabla hujatoa shilingi. Usinyamaze ukachukua kwa elfu thelathini na tano, kesho yake akaiona unapita nayo mbele ya mlango wake inanguruma. Kwa huyo jirani, anachoogopa babako ni hicho, si injini kuharibika. Watu hukosana kwa kile mmoja alichokijua mwengine hakijui, na ndo maana nakusisitiza kila nati ifunguliwe mzee akiwa amesimama hapo. Pengine akijua ataitengeneza mwenyewe auze bei nzuri, ni haki yake. Pengine atasema chukua tu mwanangu kwa bei ile ile, na mtasalimiana vizuri miaka yote.

Mkikubaliana muandike. Pikipiki isiyowaka, imeuzwa kama ilivyo, namba ya usajili, chesisi, injini, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana, mashahidi wawili, babako awe mmoja wao. Tuma pesa kwa M-Pesa ili ibaki rekodi, toa sehemu sasa na iliyobaki siku umiliki ukihamia jina lako. Usiseme nitahamisha ikishawaka, Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tu za kuitumia barabarani kabla ya kuandikishwa wewe, na usitoke nje ya uwanja bila bima.

SWALI: Fundi mimi ni mama wa Mambrui, marehemu mume wangu aliacha pikipiki, imesimama kwenye veranda tangu alipofariki na haiwaki tena. Kijana wa jirani ataka kuinunua na nina shida ya pesa ya skuli. Logibuku ninayo. Naweza kumuuzia?

JIBU: Pole sana dada yangu, Mungu amrehemu. Logibuku kuwa mkononi mwako haitoshi, jina ni la marehemu na yeye hawezi kuanzisha uhamisho, kwa hivyo ile pikipiki ni mali ya mirathi na ina warithi, watoto wako wamo. Anza kwa chifu, atakupa barua ya kuwatambua warithi, alafu kama nyinyi ni Waislamu mnaweza kwenda mahakama ya Kadhi, Malindi ipo, kama sivyo ni mahakama ya kawaida. Najua ada ya skuli haingoji, lakini ukimpa kijana wa watu kwa makubaliano matupu, siku akikamatwa njiani au shemeji akija kudai, watakurudia wewe na pesa umeshalipa skuli. Mwambie ukweli kijana, akiwa na nia atangoja, na msikubali mtu awashauri muuze injini peke yake na fremu peke yake, mtaua thamani yote.

Wakati mnangoja, msiiache ife zaidi. Mtoe petroli yote kwenye tangi na kabureta, mtie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, mtu apige kiki polepole mara moja moja isigande. Betri itolewe iwekwe ndani. Funika kwa kitambaa, si nailoni, nailoni inashika unyevu wa bahari na kutu inapata nafasi.

SWALI: Nimenunua pikipiki iliyolala, tangi lina petroli nusu inanuka vibaya na ndani naona kutu. Niwashe nayo tu iishe?

JIBU: Usiwashe nayo. Hiyo kutu itashuka kwenye kabureta na utasafisha kila wiki. Mwaga petroli yote, toa tangi, tia nati ndogondogo au mnyororo mfupi pamoja na siki mpaka ijae, tikisa, ilale usiku mzima, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi, kisha suuza kwa maji ya baking soda kukata asidi, kausha juani kabisa na uzungushie oili kidogo ndani kabla haijashika kutu mpya, weka na chujio jipya la mafuta kwenye mpira. Kama lina tundu na fundi wa kuchomelea anakwambia lete nizibe, usimpe hivi hivi, mvuke wa petroli unabaki ndani ata tangi likionekana kavu na moto wa kuchomelea unalilipua, mtu anaumia au anakufa. Tafuta tangi jingine la kuokoteza.