Jibu: "licence" au "license"?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini barua yako ya kuomba leseni ya biashara ilirudishwa neno "license" likiwa limezungushiwa kalamu nyekundu, ilhali kompyuta ililikubali. Kwanza angalia lugha iliyowekwa kwenye programu ya kuandikia. Ikiwa ni Kiingereza cha Marekani, "license" huwa nomino na kitenzi pia, nayo "licence" hupigiwa mstari kana kwamba ni kosa. Sisi Kenya hufuata Uingereza: yenye c ni leseni yenyewe, yenye s ni kitendo cha kumpa mtu leseni.

Kwa kuwa sikio halisaidii hapo, mimi, ambaye huchapa barua za wateja katika saiba hapa River Road, hujaribu kuweka mahali pake "advice" (ushauri) au "advise" (kushauri), ambayo hutamkwa tofauti. Sentensi ikikubali "advice", naandika c. "Practice" na "practise" ni vivyo hivyo; niliwahi kumchapia daktari wa meno bango la "Dental Practise", na gharama ya kulirudia ikatoka mfukoni mwangu.

Basi tia c kwenye kichwa cha barua, lakini "licensed trader" ya aya ya pili iache ilivyo, kwa sababu hiyo imetokana na kitenzi.