Paka Amezaa Kwenye Stoo: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Mvua ndefu zikishika Nairobi, maswali ninayoletewa hubadilika. Februari watu huuliza kuhusu viroboto. Aprili wote huuliza jambo moja: paka asiye na mwenyewe ameingia mahali pakavu na amezaa, sasa tufanyeje? Hapa Umoja naitwa Mama Nyau. Mimi si daktari wa mifugo, ila nimelea na kuzika wengi kiasi cha kujua ni wapi watu hukosea.

“Habari Mama Nyau. Kwenye stoo ya mabati nyuma ya ploti yetu nimekuta watoto wanne wa paka, macho hayajafunguka. Mama yao sijamwona tangu asubuhi, na sasa ni saa tisa. Niwachukue ndani?” (South B)

Usiwachukue bado. Watoto wengi wa paka wanaoitwa yatima Nairobi hawakuwa yatima hadi mtu mwenye huruma alipowabeba. Mama anayenyonyesha hushikwa na njaa kali, na paka wa mtaani hana anayemwekea sahani. Lazima aende mpaka kwa muuza samaki na arudi. Huenda akakaa saa kadhaa. Tena akikuona umesimama mlangoni, atajilaza chini ya gari la jirani akikungoja wewe uondoke.

Watazame bila kuwagusa. Wakiwa wamelala wamerundikana, wana joto na matumbo yamejaa, wamenyonya si muda mrefu. Wakilia mfululizo, wakiwa baridi na matumbo yamebonyea, hapo pana tatizo. Kama huna hakika, nyunyiza unga kidogo sana mlangoni, hatua moja hivi kutoka walipo, kisha nenda zako. Ukirudi baada ya saa chache utaona kama kuna nyayo. Ukishaziona, fagia unga wote usije ukawaitia sisimizi. Wa kuogopa zaidi ni siafu, maana huweza kuua watoto wa paka kwenye kiota usiku mmoja tu.

Yale maneno kwamba ukimgusa mtoto mama atamkataa kwa sababu ya harufu yako, mara nyingi si kweli. Kilicho kweli ni kwamba ukimsumbua atawahamisha mmoja mmoja kwa mdomo, pengine awapeleke mahali pabaya zaidi. Kwa hiyo ukitaka kusaidia, msaidie mama. Weka maji na chakula karibu, lakini si kwenye kiota chenyewe, la sivyo utawaita mashume wa mtaa mzima. Sakafu ikiwa baridi, tandika sweta kuukuu la mitumba, kisha ufunge mlango nusu.

Utakaowaokoa mara moja ni wale walio kwenye maji, kwenye siafu, au ambao mama yao umemwona amegongwa barabarani.

“Niliwapa maziwa ya pakiti kwa sirinji, sasa wanaendesha.” (Kayole)

Acha leo. Maziwa ya ng’ombe hayawafai, na kuhara humkausha maji mtoto wa gramu mia na kitu kabla hujajua la kufanya. Kama kweli hawana mama, kliniki za wanyama huuza maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Wanaohara wapeleke kwa daktari leo hii, usingoje kesho.

Kuna mambo matatu ambayo aliyekupa sirinji labda hakukueleza. La kwanza, mtoto aliyepoa hanyweshwi, kwa sababu tumbo lake halisagi kitu. Mpashe joto kwanza kwa chupa ya soda yenye maji ya moto, uiviringishe soksi nene. Julai ya Nairobi si mchezo, na wiki za mwanzo hawa hawawezi kujitunzia joto. La pili, mlishe akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa yataingia mapafuni. La tatu, hajui kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba. Wewe tumia pamba yenye maji ya uvuguvugu, umpanguse chini ya mkia kila baada ya kumlisha.

Na hayo yote ni kila saa mbili au tatu, mchana na usiku. Nimewahi kuyafanya kwa watoto watatu na nikasinzia ndani ya matatu nikapitishwa stegi yangu mara mbili. Mama paka hufanya kazi hiyo bure na vizuri kuliko wewe.

“Mama paka tunampa ugali na mchuzi uliobaki. Amekonda sana.” (Githurai)

Atakonda, kwa sababu paka hula nyama na ugali ni kujaza tumbo tu. Huo mchuzi nao una vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya paka. Chemsha omena: zioshe mchanga utoke, uzichemshe bila chumvi. Ongeza matumbo au maini kidogo kutoka kwa mchinjaji, si maini kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika ikawa na ncha kali. Anayenyonyesha anaweza kula mara mbili au tatu ya kawaida yake, kwa hiyo usishangae akirudi kukutazama. Wiki ya nne hivi utawaona na watoto wakidokoa sahani yake, na karibu wiki ya nane watakuwa wameacha ziwa.

“Msimamizi wa ploti anasema atawatia sumu.” (Pipeline)

Mwambie kwa upole kwamba ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Akicheka, mwambie sumu hiyo haichagui kati ya paka na mtoto wa mpangaji anayetambaa. Akishaelewa, mkumbushe ni panya wangapi paka hao wanamlia. Paka hao wakiisha, wengine watahamia mahali pao, kwa sababu jaa la taka lililowaleta bado lipo. Dawa ni kumfunga mama kizazi, na hilo nalijibu hapa chini.

“Binti yangu wa miaka sita aliinama kuwashika, mama akamkwaruza na kumng’ata mkono.” (Kawangware)

Hili halingoji gazeti, na nimekwisha kukupigia simu. Nalirudia kwa faida ya wengine. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, upime kwa saa, usikisie. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na waulize pia kuhusu pepopunda. Jina linawadanganya watu: kichaa cha mbwa humpata paka pia, na dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Paka usimuue, daktari atataka kujua kama siku kumi baadaye bado ni mzima.

“Mke wangu ana mimba. Tumfukuze paka?” (Buruburu)

Hapana. Kinachoogopwa ni toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hutoka kwenye kinyesi cha paka, nacho huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Wewe ndiye uzoe kinyesi, kila siku. Mkeo aoshe sukuma wiki vizuri na asile nyama isiyoiva. Hizo nazo ni njia za ugonjwa huo.

“Kumfunga paka kizazi si dhambi? Na yule hashikiki, nitamfikishaje kwa daktari?” (Umoja)

La dhambi muulize kiongozi wako wa dini. Mimi nitakuambia ninachokiona. Mimba ya paka ni wiki tisa. Jike huanza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Nchi za baridi, siku zikifupika, paka hupumzika. Sisi tuko karibu na ikweta, mwanga ni saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo mashume hawana likizo.

Ngoja watoto waache ziwa, kisha usikawie hata wiki. Azima mtego wa sanduku. Waulize KSPCA, shirika la kutetea wanyama kule Karen, au kliniki ya wanyama iliyo karibu nawe. Usimlishe usiku wa kuamkia siku hiyo, halafu weka omena za kukaanga mwisho wa sanduku. Mlango ukifunga atajirusha kama jini. Funika sanduku lote kwa leso na atatulia papo hapo. Ukimkamata jike mwenye maziwa na hujui watoto waliko, mwambie daktari mapema ili arudishwe siku hiyo hiyo.

Akiwa bado usingizini, daktari hukata ncha ya sikio, kwa kawaida la kushoto. Usikasirike. Ni alama ya kumwambia mwingine kwamba huyu ameshafanyiwa, asipasuliwe tena bure.

Watoto ukitaka kuwafuga, wazoeze mikono kati ya wiki ya pili na ya saba. Aliyefika miezi mitatu bila kushikwa na mtu, mwachie uhuru wake.

“Amewahamishia watoto ndani ya injini ya Probox ya baba mkwe. Yeye ni wa Uber, hawezi kungoja.” (Donholm)

Afungue boneti, asiwashe kitu. Hesabuni watoto, halafu mwangalie tena nyuma ya betri, kwa sababu daima kuna mmoja zaidi. Watieni kwenye boksi la viatu lenye kitambaa, mliweke pembeni pale pale gari lilipoegeshwa, nanyi mwingie ndani. Mama atawachukua. Kesho asubuhi baba mkwe agonge boneti kabla ya kuwasha, na keshokutwa pia.