Twenty-Five Twenty-One: tatizo sio kwamba waliachana

Mdau umeuliza kama uianze Twenty-Five Twenty-One au uachane nayo, maana kila unayemuuliza anakwambia mwisho wake wa hovyo. Nakujibu kirefu kwa sababu hii tamthilia ya Kikorea iliisha April 2022 na mpaka leo nikiikumbuka namaindi upya. Spoila zipo za kumwaga, kama hutaki kujua ishia hapa hapa.

Niseme kwanza mimi sio wale wanaotaka kila kitu kiishe na harusi. Wapenzi wakiachana nalia zangu nafuta machozi nalala, sina shida. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema "imeharibika kwa sababu hawakuoana" ujue hiyo ni nusu tu ya malalamiko, na tena ile nusu nyepesi.

Stori yenyewe ni hivi. 1998, Korea Kusini uchumi umelala chali, ule msukosuko wa fedha ulioanza 1997 mpaka IMF wakaingia. Binti anaitwa Na Hee-do (hiyo Na ni jina la ukoo), yuko sekondari, anacheza mchezo wa vitara, ule wa kuvaa kinyago cha wavu, shule yake inaifuta timu kwa sababu hela hakuna. Baek Yi-jin alikuwa mtoto wa tajiri, kampuni ya baba ikafilisika, familia ikasambaratika, wadai wanamfuata mpaka mlangoni, sasa anasambaza magazeti na kukaa kwenye duka la kukodisha vitabu vya katuni. Yeye 22, binti 18. Wanaanza kama marafiki wa kupeana moyo, na mapenzi yenyewe yanakuja kukolea wakiwa na 25 na 21, ndo maana ya jina. Na sisi tunayaona haya yote kupitia dayari, kwa sababu enzi za korona binti yake Hee-do anayeitwa Min-chae amezila kucheza baleti, kakimbilia kwa bibi yake, huko ndo anaikuta dayari ya mama na kuanza kuisoma.

Sasa ngoja hapo hapo. Huyo mtoto anaitwa Kim Min-chae. Kim! Wakorea mtoto kwa kawaida anabeba jina la ukoo wa baba, na steringi wetu ni Baek. Yaani jibu walituwekea mezani mapema kabisa halafu wakatuacha tubishane. Mimi na dada yangu tulikuwa tunaangalia kila Jumamosi na Jumapili maana zilikuwa zinatoka mbili kwa wiki, na siku zilizobaki zote kazi yetu ni kutetea ukoo, dada anasema Yi-jin kabadili jina kuwakimbia wadai, mimi nasema mtoto ni wa kuasili, mara huyo bwana Kim kafariki na Yi-jin anakuja kuishi nao uzeeni. Mtandaoni nako watu walikuwa na nadharia za ajabu kuliko zetu. Na hili ni kosa la kwanza la mwandishi kwa maoni yangu, ukishawafanya watazamaji kuwa wapelelezi wanaacha kuangalia mapenzi wanaanza kutafuta ushahidi, kila tukiwaona wanacheka pamoja sisi tunaangalia pete kwenye kidole cha yule Hee-do wa utu uzima.

Sema kitu ambacho wengi wanaolalamika wanakiruka, kuachana kwao kulikuwa kumeandaliwa vizuri sana. Mama yake Hee-do ni mtangazaji mkubwa wa habari. Baba yake alifariki Hee-do akiwa mdogo, na mama siku zile alikuwa anatangaza tukio kubwa, msiba wa mume wake ukampita. Kwa hiyo huyu binti kakua akimsubiri mtu ambaye anamwona kwenye tivii kuliko anavyomwona nyumbani. Halafu anampenda nani? Mwandishi wa habari! Yi-jin anaingia kituo kile kile cha mama, na taratibu anakuwa vile vile. Kuna sehemu rafiki yao Yu-rim, naye mchezaji wa vitara wa timu ya taifa, anaamua kuchukua uraia wa Urusi kwa sababu familia imezama kwenye madeni, na Yi-jin ndo anaipeleka habari hewani, nchi nzima inamgeuka yule binti. Pale ukiwa makini unajua kabisa huyu kijana na kazi yake watakuja kumuumiza Hee-do. Mbegu ilipandwa aisee, tena kwa ustadi.

Shida ni kwamba mbegu ya episodi 14 nzima waliivuna kwa episodi mbili.

Ya 15 na ya 16 zinakimbia kama zimekatiwa umeme. Inafika September 2001, New York inashambuliwa, Yi-jin anatumwa kule, anahoji watu waliopoteza ndugu, anavunjika ndani kwa ndani, simu hazipokelewi, na mwisho anaomba abaki kule kama mwandishi wa kudumu. Sawa, inaeleweka, mtu anaweza kuharibiwa na kazi ya aina ile. Lakini hawa ni watu wawili ambao kwa wiki na wiki tumeonyeshwa kitu kimoja tu, mmoja akianguka mwenzake anatokea. Hee-do alivyonyang'anywa heshima ya medali yake ya dhahabu ni Yi-jin aliyekwenda kumtafuta refa mpaka uwanja wa ndege. Leo hao hao ugomvi mmoja kwenye ile njia ya chini ya barabara, maneno makali, basi imeisha? Hakuna episodi hata moja ya kutuonyesha wanajaribu na kushindwa. Umbali unaua mapenzi kidogo kidogo, kila mtu aliyewahi kuwa kwenye uhusiano wa simu anajua, na hicho kidogo kidogo ndo hawakutupa.

Halafu kuna yale yanayochoma bila sababu. Mtoto anamuuliza mama yake kuhusu ile safari ya ufukweni, ile ambayo Hee-do, Yi-jin na marafiki zao, watano kwa jumla, walisema kiangazi hiki ni cha kwetu, mama anajibu hakumbuki. Hakumbuki! Najua walitaka kusema maisha yanapita na watu wazima wanasahau, ila sisi ndo tumetoka kuilia juzi. Na bwana Kim mwenyewe hatumwoni wala hatuambiwi lolote la maana juu yake, kawekwa pale ili asiwe Baek tu. Inafika 2009 Yi-jin keshakuwa mtangazaji, anamhoji Hee-do hewani, anampongeza kwa ndoa. Dada yangu alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ndani ya episodi hiyo hiyo ya mwisho kuna kipande kizuri kuliko vyote. Yi-jin wa sasa hivi amesahau nywila ya akaunti yake ya zamani, mtandao unamuuliza swali la usalama, mpenzi wako wa kwanza ni nani, anaandika Na Hee-do. Inafunguka. Nusu dakika, hakuna muziki wa kulazimisha, umeelewa kila kitu. Mwandishi anayeweza kufanya hivyo halafu anashindwa kutengeneza ugomvi unaoeleweka, mimi ndo huwa simwelewi.

Linganisha na nyingine uone namaanisha nini. Scarlet Heart: Ryeo ya 2016 nayo iliisha vibaya, binti wa leo aliyejikuta zama za kale karudi zama zetu, mfalme kabaki peke yake zama zake, hawakukutana tena na sizoni ya pili haikuja. Nililia ila sikukasirika, kwa sababu tangu mwanzo ikulu ile ilikuwa inakula watu, walikufa hadi tukazoea. Lovers in Paris ya 2004 ndo dharau yenyewe, mnafika mwisho mnaambiwa kumbe ilikuwa stori anayoiandika steringi wa kike. Na Wamarekani wana How I Met Your Mother, baba anawasimulia watoto wake alivyokutana na mama yao, ile ni ya kuchekesha lakini moyo wake mapenzi, pale walirekodi kipande cha watoto miaka mingi kabla ili wasije wakakua, stori ikabadilika, watu wakampenda mama mwenyewe alivyokuja, wao 2014 wakalazimisha mwisho ule ule waliourekodi zamani. Tena sizoni nzima ya mwisho karibu yote ni wikiendi moja ya harusi, halafu wanaooana wanatalikiana ndani ya episodi ya mwisho.

Kwa Wakorea mwisho unakuwa mzito zaidi kwa sababu tamthilia nyingi za mapenzi ni episodi 16 basi, hakuna sizoni ijayo ya kurekebisha. Ukizingua mbili za mwisho umezingua moja ya nane ya kazi yote, na ndo ile moja ya nane watu wanayoondoka nayo.

Kwa hiyo jibu langu, iangalie. Mwigizaji Kim Tae-ri pale kacheza Hee-do wa miaka 18 wakati yeye mwenyewe ana zaidi ya 30 na huwezi kumbishia, na urafiki wa Hee-do na Yu-rim, walioanza kama maadui wa kutoangaliana usoni, kwangu mimi unazidi hata hayo mapenzi. Ukifika ya 14 pumzika siku mbili tatu, kisha malizia 15 na 16 kwa mkupuo, usizikate, zikikatwa zinauma mara mbili. Na kuna mdau juu kauliza kama kuna toleo lenye mwisho mwingine. Ile ya Wamarekani walitoa mwisho mbadala kwenye DVD, hii hakuna, na wanaotuma vile vipande vya Yi-jin, Hee-do na Min-chae kama familia moja ni mashabiki wameunganisha wenyewe, wala msihangaike kuvitafuta.