Dada, mumeo asipande ndege kabla hajakuandikia hati ya uwakili, ya kukuruhusu kusaini kwa niaba yake

Unauliza kuhusu posho ya nyumba ilhali una mimba ya miezi saba na mumeo anapelekwa Korea ya Kusini mwezi ujao, kisha unaongeza kwamba karatasi nyingine mtazishughulikia akirudi. Hapana, dada. Mimi pia ni Mkenya niliyeolewa na mwanajeshi wa Marekani, na maneno hayo niliyasema.

Mtoto wetu alizaliwa baba yake akiwa huko huko Korea kwa zamu ya miezi 9. Mke wa askari mwenzake, aliyejifanya mjuzi wa kila jambo, alinihakikishia kwamba kitambulisho changu na cheti cha kuzaliwa vingetosha kumwingiza mtoto kwenye DEERS, yaani daftari la jeshi linaloonyesha nani ana haki ya stahili zipi. Hadi leo sijamsamehe, kwa sababu alinihakikishia jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifanya. Siku ya 84 nilifika dirishani na mtoto mgongoni. Karani akaigeuza fomu ya kuandikishia, ile ya 1172-2, akaweka kidole penye nafasi tupu ya saini ya mdhamini, akaniuliza kama nina hati ya uwakili. Mdhamini ni askari. Mke si mdhamini. Hati sikuwa nayo, na mume wangu alikuwa mazoezini porini bila simu. Siku 90 za kumwandikisha mtoto katika TRICARE, bima ya afya ya wanajeshi na familia zao, zikapita. Alipotimiza miezi minne akashikwa na nimonia, akalazwa siku tatu katika hospitali ya kiraia, na bili ya dola 11,400 ikaja kwa jina letu. Tuliilipa kwa miaka miwili, kwa fedha tulizokuwa tumeziweka za kununua kiwanja Kitengela.

Nendeni wiki hii, wote wawili, kwa wanasheria wa kambi, ambao hawatozi hata senti. Ombeni hati maalumu inayotaja DEERS, benki na nyumba kwa majina, kwa kuwa hati ya jumla hukataliwa mahali pengi. Tarehe yake ya mwisho ivuke ile ya kurudi kwake, maana zamu huongezwa. Afungue pia mbele yako kumbukumbu zake za SGLI, bima ya maisha ya wanajeshi: hufikia dola 500,000 tangu Machi 2023, na hulipwa aliyeandikwa, hata akiwa mchumba wa zamani.

Hati yenyewe, si picha ya simuni, ikae kwako.